USIANDIKE AMINA KABLA HUJAPIGA SIMU



Leo naanza kwa kutubu mbele yenu. Kuna mama mmoja katika kanisa letu ambaye hakuonekana ibadani kwa wiki tano. Kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine, sifa zikaimbwa, sadaka ikatolewa. Hakuna aliyeuliza. Wiki hizo zote nilikuwa nikiandika neno la asubuhi hapa, naye kila siku alijibu, "Amina, mchungaji." Nikiona Amina yake, nilijiambia yuko salama.

Hakuwa salama. Alikuwa kitandani, mguu umevimba, kibanda chake cha mboga kimefungwa, kodi ya miezi miwili haijalipwa. Aliyekuwa akimpikia uji ni jirani wa mlango wa pili, mama Mwislamu ambaye hajawahi kuingia kanisani kwetu. Mungu ambariki mama huyo.

Nilipofika na wazee wawili, hakutulaumu. Alisema tu, "Nilijua mna kazi nyingi." Neno hilo limeninyima usingizi.

Mpendwa, tunaitana ndugu na dada kila Jumapili. Lakini nyumbani, sahani moja ikibaki bila mwenyewe, mama hawezi kula kwa amani. Atauliza, "Fulani yuko wapi?" Hiyo ndiyo familia. Kama mtu anaweza kukosa wiki tano na hakuna anayeuliza, sisi bado ni abiria wa matatu moja: tumekaa karibu, kila mmoja anangoja kushuka kwake.

Niseme na jambo ambalo litatuchoma. Sisi Wakenya tunajua kuchanga. Mtu akifa, kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huo huo, mweka hazina anachaguliwa, M-Pesa zinaingia, basi na jeneza vinalipwa. Ni vizuri kuzikana kwa heshima. Lakini mtu huyo huyo alipokuwa hai akihitaji 3,000 za dawa, tulimwambia, "Tunakuombea." Soma Yakobo 2:15-16 uone Neno linavyosema juu ya kumuaga mwenye njaa kwa maneno matamu na mikono mitupu. Upendo unaongoja matanga umechelewa.

Mtu atasema, "Mchungaji, kanisa limekua, hatuwezi kujuana wote." Fungua Matendo 6. Wanafunzi walipoongezeka, wajane waliosema Kiyunani wakasahaulika katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusingizia wingi wa watu. Waliwaambia wanafunzi wachague wanaume saba, na Biblia imewataja kwa majina, washughulikie jambo hilo. Kumbe watu kusahaulika si ajabu kanisa likikua. Dhambi ni kujua na kunyamaza.

Tazama pia Warumi 16. Paulo alikuwa hajafika Roma bado, lakini anasalimia watu zaidi ya 20 kwa majina. Anapofika kwa Rufo, anamsalimia na mama yake, akisema mama huyo ni mama yake pia. Inaonekana mahali fulani huyo mama alimtunza Paulo kama mwana. Hatujui hata jina lake, lakini Paulo hakumsahau.

Najua kwa nini wengi wetu hunyamaza na shida zetu. Ulimwambia mtu siri yako, ikageuka kuwa "ombi la maombi", na kabla ya jioni nusu ya kanisa ilikuwa inajua ndoa yako ina matatizo. Hayo si maombi, ni umbea uliofunga macho. Familia husitiriana. Aliyefunuliwa jeraha la ndugu yake akalitangaza anafunga milango ya wengine kumi.

Kwa hiyo, kuanzia wiki hii, kila kiongozi wa ushirika wa nyumbani awe na majina ya watu wake. Mtu akikosa ibada mara mbili, asimtumie ujumbe tu. Apige simu, na ikiwezekana afike mlangoni. Nami nimeanza na majina yangu.

Nawe unayesoma haya kitandani au kazini, ukiandika "niko salama kwa neema" huku hujala tangu jana, tafadhali usitufiche. Kusema "nimelemewa" si kukosa imani. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho kwamba alilemewa kupita nguvu zake.

Leo nina ombi moja. Usiandike Amina hapa chini kwanza. Mfikirie mshirika mmoja ambaye hujamwona siku hizi, mpigie simu, muulize hali yake, kisha nyamaza umsikilize. Ukimaliza, rudi uandike Amina yako. Hiyo nitaiamini.

Mungu awabariki.
Mchungaji wenu.