Moshi wa Mume, Pafu la Mke

Hapa Muleba wavutao sigara aghalabu ni wanaume, hivyo saratani ya mapafu itokanayo na tumbaku hudhaniwa kuwa maradhi yao pekee. Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, aliyewafuatilia kwa miaka 14 wake zaidi ya 90,000 wasiovuta, alibainisha kuwa walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani hiyo, na hatari ilipanda kadiri mume alivyozidisha sigara. Wenye viwanda vya tumbaku walimpinga. Tafiti za baadaye zikamuunga mkono. Basi mume avutaye chumbani, mvua ikinyesha na madirisha yamefungwa, humwongezea moshi mke aliyeshinda jikoni penye kuni. Naye husema, “Navuta changu.” Changu gani, ilhali pafu ni la mwenzake?