Wakazi Wasiitwe Kupiga Makofi Tu

Nasomea ualimu, na moja ya mambo ya mwanzo tuliyoambiwa kwenye mbinu za kufundishia ni kwamba swali la "Mmeelewa?" halipimi kitu. Darasa zima litajibu "Ndiyooo mwalimu", hata yule anayesinzia nyuma. Sasa mikutano mingi ya kushirikisha wananchi kwenye mipango ya mafuriko inaendeshwa hivyo hivyo. Mtaalamu anakuja na mchoro uliokwisha kamilika, anausoma, anauliza "Kuna swali?", mzee mmoja anaulizia barabara, karatasi ya mahudhurio inazunguka, basi. Kwenye ripoti inaandikwa: wananchi wameshirikishwa.

Jamani, hapo wamepewa taarifa tu.

Chukua Bonde la Msimbazi, ambalo wengi wetu tunalivuka pale Jangwani tukienda Kariakoo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Baadhi walirudi bondeni. Watu waliwaita wakaidi. Lakini mfikirie mama anayekaanga samaki, ambaye kila alfajiri lazima awe Feri kununua mzigo. Ukimhamishia Mabwepande, nauli peke yake inamaliza faida. Jambo hilo haliko kwenye ramani ya udongo wala kwenye takwimu za mvua. Lazima umuulize yeye, tena kabla hujapima viwanja.

Na kuuliza kunawezekana, maana kumeshafanyika hapa hapa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi madarasani, wakatembea kwenye kata zinazofurika pamoja na wakazi, wakiingiza nyumba, mitaro na vichochoro kwenye ramani huru ya OpenStreetMap. Wakazi walieleza maji yalifika wapi. Setilaiti haiwezi kukwambia kama maji yaliishia magotini au dirishani. Aliyelala juu ya meza usiku ule anakuonyesha kwa mkono wake.

Wapo wanaosema: hao hao ndio wanaotupa taka mitaroni, watapanga nini? Taka zinatupwa, sitetei. Ila ingia kwenye vile vichochoro uone kama gari la taka linaweza kupita. Mkazi angekwambia mapema kwamba panahitajika mkokoteni, na angekuonyesha pa kuanzia.

Kinachoniudhi zaidi ni suala la wapangaji. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka. Haijasema wenye nyumba. Lakini mkutano unaitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, bodaboda yuko kijiweni, mama lishe yuko jikoni, na mpangaji anaambiwa asubiri baba mwenye nyumba, ambaye pengine anaishi mtaa mwingine usio na maji hata kidogo. Godoro linalolowa ni la mpangaji!

Mikutano iitishwe jioni au Jumapili, wakati karatasi ya mchoro bado nyeupe. Wapangaji wasikilizwe. Halafu wataalamu warudi waseme maoni yapi yamechukuliwa, yapi yameachwa na kwa nini. Hili la kurudi ndilo husahaulika kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu waseme "aah, sisi hatuendi tena".

Nasi tuliopanga mageto nje ya chuo ni wapangaji. Gari la matangazo likipita tunapandisha sauti ya muziki. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi iwaandikie wenyeviti wa mitaa inayozunguka chuo, iombe ratiba za mikutano, izibandike kwenye mbao zetu za matangazo kabla masika hayajaanza.