Si Wenye Shahada Peke Yao

Tumezoea kusimulia kana kwamba ukoloni uling'olewa na wenye shahada peke yao. Mimi sikubali. Mkutano wa Umoja wa Waafrika uliofanyika Manchester, Uingereza, Oktoba 1945, haukuwa wa akina Nkrumah, Kenyatta na mzee Du Bois tu. Walikuwamo wajumbe wa vyama vya wafanyakazi, na silaha iliyotajwa pale ni mgomo na kususia. Nkrumah aliijaribu silaha hiyo mwaka 1950 katika Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Wafanyakazi waligoma, yeye akatiwa gerezani. Mwaka 1951 chama chake kikashinda uchaguzi naye yumo kifungoni. Je, waliogoma nani huwataja? Na hapa shuleni wako wanaoona haya kumwamkia mpishi!