Mji Umejaa Watu, Mtu Yu Peke Yake

Watu wengi husema kwamba makelele ya mji ndiyo yanayoharibu akili za watu. Mimi naona makelele yamesingiziwa. Kinachomwumiza mtu wa mjini zaidi ni kukosa wa kumwuliza, "Umeamkaje?"

Tutazame Kariakoo. Jina hilo lilitokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika hesabu ya mwaka 1967, Dar es Salaam nzima haikufika watu 400,000. Mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Nyumba za zamani za Kariakoo zilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Mpangaji hakuweza kupita barazani bila ya kusalimiwa, na asipoonekana siku mbili aligongewa mlango. Nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa, yakajengwa maghorofa: chini maduka, juu vyumba, na baraza hakuna.

Kijana machinga hushinda juani Mtaa wa Msimbazi, na usiku hurudi Mbagala kulala, wala hajui jina la jirani yake. Deni likimkaba hana wa kumweleza. Mawazo huzidi, usingizi humpotea, na mwisho watu humwita mwehu. Kumbe huo ni ugonjwa kama homa, nao hutibiwa, Muhimbili na hata Mirembe kule Dodoma.

Wako watakaosema kwamba barazani palikuwa na umbea mwingi, na kwamba vijana wengine huja mjini kuukimbia. Ni kweli. Lakini anayesengenywa, angalau watu wanajua kwamba yupo.

Wengi wetu wa Kidato cha Nne tutakwenda mjini baada ya mtihani. Basi nawaomba wanaojenga maghorofa waache mahali pa wapangaji kukaa na kuzungumza. Nanyi wazazi, mtoto akiwa mjini msimwulize fedha tu. Mwulizeni pia anakula na nani. Sisi wanafunzi tuanzie hapa hapa bwenini. Mwenzetu akinyamaza siku tatu, tusimcheke wala tusimpe jina la utani. Tukakae kitandani kwake tumsikilize, na ikizidi, tumpeleke kwa mwalimu. Asiyezoea kumjulia hali mwenziwe bwenini, mjini hatamjulia mtu yeyote.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne