Kabla ya Kukipaka Rangi Kigango, Tuulize ni cha Nani

Majuzi mwalimu mmoja wa shule ya upili, aliyekuwa mwanafunzi wangu miaka mingi iliyopita, alinijia ofisini akiwa amekumbatia mzigo uliofungwa kwa gunia. Alipoufungua, niliona umbo la mbao lenye kichwa bapa cha mviringo, macho yaliyozama, na kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu ndogo ndogo. Rangi nyekundu na nyeupe ilikuwa imesalia ndani ya nakshi tu, na mchwa walikuwa wameila ncha ya chini.

"Daktari," akasema, "sanamu hii nimeinunua kwa mchuuzi wa vinyago. Nataka kuipiga msasa, niipake rangi mpya na vanishi, kisha niiweke katika maktaba ya shule ili wanafunzi waione sanaa ya mababu zao. Nisaidie kuandika maelezo yake."

Nia yake ilikuwa njema, na fedha alizolipa zilitoka mfukoni mwake. Hata hivyo, nilimsihi asiiguse kwa msasa wala brashi. Kwa kuwa yamkini wako walimu na wanafunzi wengine wenye nia kama hiyo, naona ni wajibu wangu kuzieleza sababu zangu hadharani.

Kosa la kwanza lilikuwa la neno. Kitu kile si sanamu tu, ni kigango. Miongoni mwa Wamijikenda, hasa Wagiriama, kigango huchongwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Husimamishwa nyumbani kwa jamaa zake, kikafungwa vitambaa, kikamiminiwa tembo la mnazi, na jamaa wakasema na koma wa mzee wao. Sanamu huweza kuwa ya yeyote mwenye kuinunua. Kigango ni cha fulani bin fulani, na jamaa zake wapo. Nakiri kwamba hata mimi, kwa miaka kadhaa, niliwafundisha wanafunzi wangu kuviita vigango sanamu, nisitambue kuwa kwa neno hilo moja nilikuwa nimekwisha kuwanyang'anya wenyewe.

Sababu ya pili yahusu mila. Kigango kikishasimamishwa hakipaswi kung'olewa, wala hakingojei fundi wa kukirembesha. Hupigwa na jua na mvua, kikachakaa papo hapo kiliposimama. Jamaa wakihama, desturi ni kukiacha na kuchonga vibao, ambavyo ni vidogo na vya kawaida zaidi, ili kumbukumbu iwafuate makazi mapya. Basi uchakavu ambao mwalimu wangu aliuona kuwa maradhi ni sehemu ya maisha ya kitu chenyewe.

Sababu ya tatu ni ya kitaalamu, nayo yahusu kila kitu cha kale kilichotengenezwa kwa mkono. Mabaki ya rangi ndani ya nakshi ni ushahidi wa mkono wa mchongaji. Msasa ukipita, ushahidi huo huwa vumbi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu majengo na makumbusho ya kale, unasisitiza kwamba ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Waliopuuza funzo hilo wameaibika. Mwaka 2018, katika mji wa Estella nchini Hispania, sanamu ya mbao ya Mtakatifu George, kazi ya karne ya 16, ilipakwa rangi mpya za kung'aa hata ikafanana na mwanasesere. Wataalamu waliiondoa rangi hiyo mwaka uliofuata, lakini sehemu ya rangi ya asili ilikuwa imepotea kabisa. Na hiyo, angalau, ilikuwa kanisani kwake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo letu. Vigango vingi vimeibwa Pwani na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 2007, vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kutoka Marekani, kimoja kutoka jumba la makumbusho la jimbo la Illinois na kingine kutoka Chuo Kikuu cha Hampton. Vilitambuliwa kwa sababu mtafiti mmoja alikuwa amevipiga picha kabla ya kuibwa. Mwaka 2019, jumba la makumbusho la Denver lilirejesha vingine 30, na havikujulikana vilitoka maboma yapi. Kila alama iliyobaki juu ya mbao, iwe doa la rangi au ufa, huenda ikawa ndiyo barua pekee ya kukirudisha kigango kwao. Anayekipaka rangi mpya huifuta barua hiyo.

Nitaulizwa: je, tuviache viliwe na mchwa, watoto wetu wasivione kamwe? Hasha! Shule inayotaka mfano imwite mchongaji aliye hai, imlipe ujira wake, naye achonge umbo la kufundishia lisilo la marehemu yeyote, na alipake rangi mbele ya wanafunzi. Watajifunza jina la mti, la patasi na la kila nakshi. Maneno hayo yanakufa upesi kuliko mbao, wala hakuna vanishi ya kuyahifadhi.

Mwalimu wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama fedha zake zitarudi. Nilimwambia kweli, kwamba sidhani. Alikifunga kigango katika gunia lile lile, tukakubaliana kwenda pamoja kuiarifu Makumbusho ya Taifa, iliyopewa dhamana ya turathi zetu na sheria ya mwaka 2006. Njiani alikibeba kwa uangalifu zaidi kuliko alivyokuja nacho.

Wahenga walisema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kuganga ni kutibu, na tabibu mwema huuliza kwanza mgonjwa anaumwa wapi. Kidonda cha kigango kile si rangi iliyofifia, bali ni umbali wake na nyumbani, na kidonda hicho hakigangwi kwa brashi.