Tuijue Nchi Yetu: Kasese, Wilaya ya Theluji na Chumvi

Mama wa kambini atiapo chumvi chunguni, aghalabu hafikiri ilikotoka. Lakini magharibi ya Uganda, katika wilaya ya Kasese, iko chumvi iliyogombewa na wafalme, na ambayo hata leo hutolewa ziwani kwa mikono. Askari apatapo uhamisho wa Kasese au Bwera, jamaa zake huwa wanajua mambo mawili tu: kwamba ni mbali, na kwamba ni mpakani. Yafaa wajue zaidi, maana si wilaya nyingi duniani ambazo mtu huweza kuona theluji, tembo na mstari wa ikweta bila ya kuvuka mpaka wa wilaya yenyewe.

Ziwa Katwe limo katika shimo la volkano iliyozimika, karibu na ziwa kubwa la Edward. Maji yake ni machungu kwa chumvi, na jua linapoyakausha chumvi hubaki. Wakazi wameligawa eneo la ukingoni kuwa vidimbwi vidogo, na kila kidimbwi kina mwenyewe, aliyekirithi kwa wazazi wake au kukinunua. Wanawake hukusanya chumvi laini, na wanaume huingia majini kung'oa mabonge ya chumvi ya mawe, ambayo wafugaji huwalambisha ng'ombe. Kazi hiyo ni nzito, na maji yale hula ngozi ya mtu.

Zamani chumvi hiyo ilisafirishwa kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu mpaka nchi za jirani. Mfalme Kabalega wa Bunyoro alitaka iwe chini ya mkono wake. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika Katwe na askari wake, akajenga ngome aliyoiita Fort George. Katika safari hiyo hiyo alikwenda hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha. Askari hao walikuwa miongoni mwa mizizi ya jeshi la kikoloni la Uganda. Kwa hiyo askari anayezuru Katwe amesimama njiani mwa waliomtangulia katika kazi yake.

Utajiri wa pili wa wilaya ni shaba ya Kilembe, bondeni mwa mto Nyamwamba. Uchimbaji wake ulianza mwaka 1956, na mwaka huo huo reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Mji wa Kasese ulikua kwa ajili ya reli hiyo. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa, kisha ikashuka pwani. Wafanyakazi walitoka kila upande, na Kiswahili kikawa lugha ya mgodini na ya stesheni. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umesimama, na siku hizi treni haifiki tena Kasese. Mto Nyamwamba nao ulifurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, ukaharibu hospitali ya Kilembe na nyumba za watu wengi.

Utajiri wa tatu uko juu. Milima ya Rwenzori ina kilele cha Margherita, chenye urefu wa meta 5,109, ambacho ni cha tatu kwa urefu katika Afrika. Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikifikia mwaka 1906, akakipa jina la malkia wa kwao. Wakonzo walikuwa na majina yao kabla yake. Kwao theluji ni nzururu, na mlimani ndiko aliko Kitasamba, mwenye mlima. Hifadhi ya Taifa ya Rwenzori iliundwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Apendaye kupanda huanzia Nyakalengija au Kilembe, akiongozwa na vijana wa Kikonzo. Asichelewe, kwani barafu iliyozidi kilometa za mraba 6 wakati wa Abruzzi sasa haifiki hata moja.

Jina la theluji ndilo lililobebwa na watu wa mlimani walipodai haki yao. Mwaka 1962 Wakonzo na Waamba walikataa kutawaliwa na Toro, wakaanzisha Rwenzururu chini ya Isaya Mukirania. Mwaka 1974 Kasese ilitengwa na Toro ikawa wilaya, na mwaka 1982 mapigano yalimalizwa kwa mapatano. Serikali iliutambua ufalme huo mwaka 2009. Novemba 2016 damu ilimwagika tena mjini Kasese, wakafa watu zaidi ya 100. Mfalme Charles Mumbere alirudi kwao Oktoba 2023. Mgeni mwenye adabu, hasa aliyevaa sare, huyajua hayo kabla ya kuketi barazani kwa watu.

Kusini ya mji ni Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoundwa mwaka 1952. Jamaa wenye watoto wapande mashua katika mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, wawaone viboko, nyati na tembo wakinywa maji. Raia wa Uganda hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje. Ila watoto wasiachwe ukingoni mwa maji jioni, maana kiboko hutoka kwenda malishoni, na hampishi mtu njia.

Kutoka Kikorongo, palipo na alama ya ikweta, barabara huchepuka magharibi hadi Bwera na Mpondwe. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na ng'ambo ni Kasindi ya Kongo. Siku ya soko Wakonzo na Wanande, watu wa lugha moja waliogawanywa na mpaka, huuziana kahawa, nguo na samaki. Amani ya soko hilo imelindwa kwa gharama. Waasi wa ADF walishambulia Mpondwe Novemba 1996, na Juni 2023 waliwaua wanafunzi katika shule ya Lhubiriha. Mwaka 2019 ebola ilivuka hapo, na wauguzi wa Bwera waliipokea kwa ujasiri isienee nchini.

Kule Katwe kimesimama kiwanda kikubwa cha chumvi, kilichojengwa kwa mitambo kutoka ng'ambo. Mabomba yake yaliliwa na ile ile chumvi yaliyoletwa kuivuna, na leo ni mabaki ya kutu. Hatua chache kutoka hapo wanawake wangali wanakusanya chumvi vidimbwini mwao, kama walivyofanya bibi zao. Shaba ilikwisha nguvu, reli ikanyamaza, na theluji inapungua, lakini kilichokuwa mikononi mwa wenyeji kingali kinalisha watoto wao. Basi jamaa watakaofika Katwe wasiondoke mikono mitupu. Wanunue kifuko cha chumvi kwa mwanamke aliyeikusanya, na siku watakapoitia chunguni wawasimulie watoto ilikotoka.