HEWA YA HANDAKINI NA MAPAFU YA MFANYAKAZI



Leo twataka kusema habari ya hewa. Hewa haiandikwi katika karatasi ya mshahara, lakini ikiwa mbaya mfanyakazi huilipia kwa mapafu yake. Mfano wetu ni mji wa London, Uingereza, ambako reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa Januari 1863.

Magari yale yalivutwa na injini za mvuke, na moshi wa makaa ukajaa handakini. Mwaka 1897 serikali iliweka kamati ya kuchunguza hewa hiyo. Mkuu wa kampuni akaiambia ya kwamba wafanyakazi wake wana afya kupita wa reli nyingine, na ya kwamba wagonjwa wa pumu huiendea stesheni yake moja kama hospitali! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Moshi haukuondolewa na maneno yale. Ulianza kwisha umeme ulipoingia katika reli hiyo mwaka 1905.

Lakini umeme nao una taabu zake. Mahandaki ya kina kirefu, yaliyoanza kutumika mwaka 1890, yalichimbwa membamba ili kupunguza gharama, hata treni yakaribia kuyajaza. Kila treni ifungapo breki, nguvu ya mwendo hugeuka joto. Joto lisipopata pa kutokea, hunyonywa na udongo wa mfinyanzi. Zamani udongo ule ulikuwa wa digrii 14 hivi, na matangazo yaliwaalika watu kushuka kupata baridi. Haba na haba hujaza kibaba: sasa mahali pengine umefika digrii 26.

Tena kuna vumbi. Magurudumu, reli na breki husagana, na unga wa chuma huelea hewani. Mwaka 2019 kamati ya wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza ilikiri ya kwamba vumbi jembamba ni jingi zaidi handakini kuliko juu, ikashauri lipunguzwe.

Wako wasemao ya kwamba msafiri hukaa humo dakika chache tu. Ni kweli, kwa msafiri. Dereva je, akaaye zamu nzima? Na wasafishaji je, washukao usiku umeme ukizimwa, wakiyafagia mavumbi hayo?

Tazameni mizani miwili. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 ya kwamba vumbi jembamba lisipite maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo kwa siku. Katika kanuni za kazi za Uingereza, vumbi la kawaida lifikalo ndani ya mapafu huhesabiwa kuwa la hatari likifikia miligramu 4, yaani maikrogramu 4,000, kwa wastani wa saa nane. Vipimo hivi havifanani sawasawa, lakini tofauti ni kubwa mno. Twauliza: je, mapafu ya mtu hugeuka akivaa nguo za kazi?

Dawa ipo. Tangu 2010 treni zenye mitambo ya baridi zilianza kutembea katika njia zisizo na kina kirefu, kwa kuwa huko nafasi ipo. Katika mahandaki membamba kazi hiyo ni ngumu na ghali. Fedha iliyookolewa na wachimbaji yalipwa leo kwa jasho la watu wengine.

Hapa Kenya hatuna reli ya namna hiyo, lakini tunazo karakana, maghala na viwanda vyenye joto na vumbi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Basi ulizeni: kamati yenu i wapi? Hewa ilipimwa lini? Na kipimo kiliwekwa wapi, mlangoni pa ofisi au karibu na pua ya mfanyakazi?

Tusingoje mpaka kuta zishibe joto. Umoja ni nguvu.